Kusi na aini yangu ya 7

Mimi gofu nimejifunzia Nairobi, na Nairobi ukiskia mtu analalamika upepo ujue ni majani tu yanatikisika kidogo. Halafu kule ni juu, kama mita 1,700 hivi, hewa nyepesi, mpira unaenda tu wenyewe, kwa hiyo nilikuwa najiona najua. Aini 7, ile fimbo ya chuma ya masafa ya kati, yadi 160 bila jasho.

Julai nikashuka Mombasa kwa harusi ya binamu, nikasema wacha nipige raundi pale Mama Ngina, kile kiwanja cha mashimo 9 ambacho bahari iko hapo hapo unaiona. Julai, yani kusi, ule upepo wa kutoka kusini, imechacha, lakini mtu wa bara nitajuaje.

Kedi nilopewa, yani mbeba fimbo, ni mzee mmoja mwembamba, kofia kaigeuza nyuma isipeperuke. Tulipokutana na upepo uso kwa uso nikamuuliza imebaki ngapi, akasema 150, nikachomoa 7. Hakusema kitu, aling'oa nyasi kidogo akaziachia, zikamrudia kifuani.

"Boss, huu mbisho. Chukua 5."

Mbisho! Hilo neno mi nalijua kwa wavuvi. Nikamwambia usijali mzee, nitaikaza 7. Nikaikaza kweli. Mpira ukapanda, ukapanda, ukafika juu ukasimama, halafu ukashuka wima kama nazi, hata 120 sidhani ulifika. Mzee alikuwa ashaanza kutembea.

Kumbe kosa ni hapo hapo kwenye kukaza. Ukipiga kwa nguvu unauongezea mpira spini ya kurudi nyuma, spini ndo inaunyanyua, sasa mbele kuna upepo, ni kama umeutwekea tanga kabisa. Kwa hiyo unachukua fimbo kubwa, yani ya namba ndogo, unaishika chini kidogo, mpira unausogeza upande wa mguu wa kulia, unapiga robo tatu na mikono inaishia kifuani. Pole pole. Rahisi kusema, manake mwili wote unakwambia upepo mkali kaza mkono! Mara ya tatu ndo nikaipata, ukaenda chini chini kama mbayuwayu, ukadunda mara mbili ukaingia grini, pale penye nyasi fupi na shimo, nikageuka kumwangalia mzee, anatafuta sigara mfukoni.

Upepo wa ubavuni ndo ulinitoa roho. Kusi inatoka baharini, basi mzee ananionyesha nilenge huko huko majini, eti upepo utaurudisha. Nikalenga kwa bismillahi na kweli ukarudi, karibu na bendera, raha sijawahi. Shimo lililofuata nikarudia, upepo ukakata ghafla, mpira ukaenda zake. Shilingi mia nne yangu hiyo.

Na usidhani upepo wa nyuma utakulipa ulichopoteza, haulipi. Unasukuma mpira ndio, ila kwa grini hausimami, unapita tu. Hata kupati, kule kuusukuma mpira shimoni, ilikuwa shida, shati linapepea, nayumba, ikabidi nitanue miguu kama kipa anayesubiri penalti.

Nilimaliza na mipigo 108, sijui kwa nini naandika hii namba hapa.

Nikimlipa mzee nikamwambia Desemba narudi na sasa nishajua pa kulenga. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Desemba ni kaskazi boss, hizo hesabu zako zote pindua."