Deki mbovu ilivyoiokoa TV yetu ya chogo

Mwishoni mwa 2012 hapa Dar es Salaam maneno yalikuwa hayo hayo, kwenye daladala, saluni, foleni ya maji: umeshanunua king'amuzi, kile kisanduku cha kupokelea matangazo ya dijitali? TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishatangaza kwamba analojia, yaani matangazo ya TV ya mfumo wa zamani, inazimwa usiku wa Desemba 31, jiji letu kwanza, Dodoma na Tanga zifuate mwezi mmoja baadaye. Mimi nikashupalia kwamba wataahirisha. Kwa nini wakimbilie, wakati makubaliano ya kimataifa yalitoa muda hadi Juni 2015?

Hawakuahirisha. Januari 1 tukawasha TV, chenga tupu. Mama mkwe, aliyekuja kula sikukuu kwetu, akanitazama tu. Kwake taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni kama dawa ya presha, hairukwi. Kesho yake alfajiri nikawa Kariakoo kwenye foleni.

Kumbe kununua ndiyo ilikuwa kazi nyepesi. Nimefika nyumbani, nimegeuza TV yetu ya inchi 14, chogo lote vumbi, natafuta pa kuchomeka zile waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Hamna. Nyuma kuna tundu moja tu, la antena. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba "inaingia TV yoyote, bosi". Nilipompigia akanishauri ninunue TV nyingine. Hela nitoe wapi, na Januari ile ada zinanisubiri?

Aliyeniokoa ni fundi wa mtaani kwetu, anayetengeneza redio na pasi chini ya mwembe. Akaniuliza: "Kaka, huna deki ya zamani, zile za mikanda?" Ninayo, ilikuwa juu ya kabati tangu mkanda wa harusi yetu ukwamie ndani. Akasema hata kama haichezi, mradi inawaka. Deki zile zina matundu ya kupokea picha na sauti, na zina waya unaotoka kwenda kwenye tundu la antena la TV. Yaani deki inageuka kituo kidogo cha televisheni, inarusha picha ya king'amuzi ndani ya waya. Tukachomeka njano na nyeupe; nyekundu ikabaki inaning'inia, maana deki yenyewe ina tundu moja la sauti. Deki tukaiweka kwenye AV, yaani ipokee kutoka kwenye matundu yale, kisha kwenye TV nikatafuta polepole upande wa UHF, na kwenye chaneli ya 36 menyu ya king'amuzi ikajitokeza. Mke wangu akapiga kigelegele.

Alikiwahi. Menyu ilikuwepo, chaneli hakuna hata moja.

Nikapanda juu ya bati kugeuza antena kama tulivyozoea: mimi nazungusha, mke wangu mlangoni anapaza sauti, "Hapo hapo! Umepita, rudi!" Kwa dijitali utaratibu huo haufai kabisa. Picha inachelewa sekunde kadhaa. Akisema hapo, mkono wangu umeshapita zamani. Tulihangaika hivyo hadi magharibi, majirani wanacheka. Fundi akatufundisha kufungua ukurasa wa king'amuzi wenye ile mistari ya nguvu ya mawimbi, nisogeze kidogo, niache mkono, nihesabu hadi kumi ndipo niulize. Akaukataa na waya wangu wa antena, niliokuwa nimeuunga sehemu mbili kwa kuusokota na kuufunga solotepu. Analojia iliuvumilia kwa chenga kidogo. Dijitali haina chenga: picha inakuja safi au inakatika vipande, mtangazaji anaganda mdomo wazi. Nikanunua waya mzima usio na kiungo, na kwa jicho nikaelekeza antena zinakotazama antena za majirani wanaopata vizuri. Hapo mistari ikapanda.

Mama mkwe aliwahi habari za siku ya nne, na akaongeza siku zake za kukaa. Tatizo lake lilikuwa rimoti mbili na deki isiyo na rimoti. Ukisahau kuwasha deki, TV inakuonyesha chenga kana kwamba hatujanunua kitu. Binti yetu akachukua rangi ya kucha akaweka nukta kwenye vitufe: moja kwenye deki, mbili kwenye king'amuzi, tatu kwenye TV. Usiku ule nikamsikia bibi yake sebuleni akihesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu," halafu muziki wa taarifa ya habari.