Kilomita Zilezile, Saa Tofauti

Binti yangu ameshika tiketi mbili tangu jana. Anataka kujua kwa nini kwenda New York kunachukua karibu saa nane na kurudi London hakufiki saa saba, ilhali njia ni ileile. Swali lake limenirudisha Januari ile, kiti cha dirishani, tukitoka Heathrow, uwanja wa ndege wa London, kwenda JFK, ule wa New York.

Kuondoka saa tano asubuhi, kufika saa nane mchana. Ukitoa haraka unapata saa tatu, lakini New York iko nyuma ya London kwa saa tano, kwa hiyo ni nane. Umbali ni takriban kilomita 5,540, ukiupima kwa uzi uliokazwa juu ya tufe. Uzi huo haulali magharibi moja kwa moja: unapita juu ya Ireland, unavuka Atlantiki, unateremkia Newfoundland. Sisi tulipelekwa kaskazini zaidi ya hapo, na ndipo nilipoanza kuikodolea macho skrini.

Hewani ndege ilikuwa ikienda kama kilomita 900 kwa saa. Kasi juu ya ardhi ilisoma 750, upepo wa mbele 150. Upepo ulipofika 170, kasi ya ardhini ikashuka palepale hadi 730, na mlio wa injini haukubadilika hata kidogo. Tulikuwa tunapingana na mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, kwenye kimo kilekile cha ndege za abiria, kilomita 9 hadi 12. Majira ya baridi huwa mkali zaidi, kwa kuwa tofauti ya joto kati ya ncha ya dunia na tropiki huwa kubwa. Tuliongezewa kilomita makusudi ili tukwepe kiini chake na kuokoa dakika.

Kurudi, rubani aliufuata mkondo huohuo. Nililala njia nzima.

Hesabu ndiyo haijaniacha. Tuseme upepo ni 150 mwanzo hadi mwisho. Bila upepo ungesafiri saa 6 na dakika 9. Ukiwa mbele yako, saa 7 na dakika 23. Ukiwa mgongoni, saa 5 na dakika 17. Umepoteza dakika 74, umerudishiwa 52 tu, kwa sababu upepo wa mbele unakaa nawe muda mrefu zaidi. Hata Februari 2020, ndege ya British Airways ilipotoka JFK ikafika Heathrow kwa saa 4 na dakika 56 ikisukumwa na dhoruba Ciara, waliokuwa wakielekea upande wa pili walikuwa wakilipa.

Na anayekuja kukupokea mpe saa ya kwenye ratiba, si ya kikokotoo cha umbali. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, foleni ya kuruka na kujikokota ardhini vikiwamo.