Bwana shamba wa safari hii ni binti

Jumamosi nilipanda Machame, Kilimanjaro. Afisa ugani wa kata alikuwa anakuja kukagua kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu babu. Mibuni imezeeka, chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, imeivamia, na shangazi hataki kusikia habari ya kung'oa hata mmoja.

Binti akafika na pikipiki, zile ambazo serikali iligawa mwaka 2022. Shangazi akamtazama toka buti hadi helmeti. "Huyu ndiye bwana shamba?"

Kwake bwana shamba ni mwanamume wa kaptura ya kaki, aliyekuja shangazi akiwa mdogo, kabla ya Uhuru, akamfokea babu kwa kuchanganya kahawa na migomba. Babu akamjibu kwamba watoto hawali kahawa.

Huwa nasikia watu wakisema Idara ya Kilimo ya mkoloni ndiyo iliyotufundisha kahawa. Nusu ya kweli. Charles Dundas, mkuu wa wilaya pale Moshi, aliwahimiza Wachagga waipande. Lakini walowezi walipolalamika kwamba mashamba yetu yangeeneza magonjwa, wakulima wenyewe ndio waliounda chama mwaka 1925, wakashughulikia dawa na mabomba ya kupulizia. KNCU, chama cha ushirika cha Kilimanjaro, ikafuata mwaka 1933. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, jirani zetu kabisa, kilianza mwaka 1934, yaani mkulima alikwisha kuwa shambani siku nyingi. Tangu 2001 kiko mikononi mwa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa.

Siku hizi sera hutoka wizarani, miche hutoka TaCRI, na afisa ugani yuko chini ya halmashauri. Ukikwama, hujui umlilie nani. Huyu wetu ana vijiji vitatu peke yake, na mafuta ya pikipiki, anasema, mara nyingine hujaza mwenyewe.

Akazunguka kihamba chote, akapasua buni zilizokauka zikawa nyeusi, akatuonyesha. Ushauri wake: tung'oe kidogo kidogo, tupande miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani.

"Na migomba?" shangazi akauliza, sauti ya mtego.

"Iacheni, bibi. Inatoa kivuli. Punguzeni mashina tu."

Shangazi alicheka mpaka akashika mgomba asianguke. "Baba angekuwepo leo!"

Tumekubaliana kung'oa mistari miwili ya mibuni kule chini, karibu na mfereji. Jioni nikakuta mbuni ulio karibu na mlango umefungwa kipande cha kanga. Huo hauguswi.