Jinsi tulivyopata mtaalamu wa afya ya akili kwa bima ya kazini, Marekani

Mke wangu alikuwa hapati usingizi usiku. Orodha ya wataalamu kwenye tovuti ya bima haikutufaa: namba zimekufa, wengine wamehama, wengine hawapokei wagonjwa wapya. Daktari wetu wa kawaida alitupa majina, ila hawakuchukua bima yetu.

Suluhisho lilikuwa nyuma ya kadi ya bima. Chini ya namba ya huduma kwa wateja kuna nyingine, kwa maandishi madogo, ya afya ya akili tu. Mara nyingi kitengo hicho huendeshwa na kampuni tofauti. Tulipiga hiyo, tukaomba mkalimani wa Kiswahili (ni bure). Mgonjwa mwenyewe awe kwenye simu, maana bila idhini yake hawasemi na mtu.

Tukawaambia: hatutaki orodha, tutafutieni mwenye nafasi. Tukawasomea majina tuliyopiga, tarehe na majibu. Hayo maandishi ndiyo yaliyowafanya wafungue ombi la kumwona mtaalamu wa nje ya mtandao wao (yaani asiye na mkataba na bima) kwa bei ile ile ya wenye mkataba. Kibali kije kwa maandishi, chenye jina la mtaalamu na idadi ya vikao, kabla ya miadi ya kwanza. Chetu kilikuja kwa barua pepe; sasa mke wangu anaonana na mtaalamu huyo kwa video kila Alhamisi.