Futi ya Kushonea na Maji ya Moto

Mwezi wa Februari 2018, siku ya kumi na moja baada ya kuondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, nilikuwa nimelala kwa mama mkubwa, Magomeni, katika lile joto la Dar es Salaam ambalo feni hulizungusha tu bila kulipunguza. Mpira uliokuwa ukitoa majimaji ubavuni na kuyamwaga katika kichupa cha plastiki ulikuwa umechomolewa siku mbili kabla, kwa kuwa majimaji yalikuwa yameshuka chini ya mililita 30 kwa siku mbili mfululizo. Niliyapima mwenyewe kila asubuhi na kuyaandika katika daftari langu la ushonaji, nyuma ya vipimo vya wateja, na siku kichupa kilipoondoka nilijiona nimepona.

Haikuwa hivyo. Kwapani palikuwa pazito kana kwamba nimebana embe, na nilipojigeuza nilisikia kitu kikichezacheza ndani kama maji ya dafu. Upande wa ndani wa mkono ulikuwa umekufa ganzi, lakini hilo nilikuwa nimeelezwa mapema, kwamba mishipa ya fahamu ipitayo pale hukatwa au kujeruhiwa tezi zinapotolewa, kwa hiyo halikunitia hofu. Kilichonitisha ni pete ya ndoa, ambayo siku hiyo iligoma kuzunguka kidoleni.

Mama mkubwa amewakanda wazazi wengi mtaani kwao, mimi nikiwa mmojawapo mara tatu, na kwake hakuna uvimbe usioshindwa na maji ya moto. Jioni alibandika sufuria, akaja na beseni na khanga kuukuu.

"Mwanangu, mkono umejaa huu. Lete niukande ulegee."

Sista aliyenipa maelekezo siku ya kuruhusiwa alikuwa amenionya waziwazi kwamba mkono ule usitiwe joto, usikandwe kwa nguvu, wala usifungwe kipimo cha presha, kwa sababu tezi zikishatolewa njia za kurudisha majimaji mwilini hupungua, na joto huyaita mengine. Yote hayo niliyajua. Lakini mtu anayekufulia nguo zenye damu na kukunywesha uji kwa kijiko, ulimi hauwi mwepesi kumkatalia. Nikanyoosha mkono.

Sitaki kudanganya: kwa robo saa nilisikia raha isiyo kifani. Usiku wa manane nikaamka mkono ukipwita, ngozi imekaza. Nikawasha taa, nikachukua futi yangu ya kushonea, nikatia alama ya chaki sentimita 10 juu ya kila kiwiko, kama nimpimavyo mteja anayetaka blauzi ya mikono ya kubana. Kulia 29. Kushoto 31 na nusu. Fundi hahitaji daktari kumwambia kwamba mikono miwili ya blauzi moja haitofautiani kiasi hicho.

Asubuhi sikubishana na mama mkubwa. Nilimpa futi apime mwenyewe. Alivaa miwani, akapima mara mbili, akaikunja futi taratibu na kusema, "Nenda kavae, twende hospitali."

Daktari alikagua kama kuna wekundu au homa, akaona hakuna, kisha akachoma sindano kwapani na kuvuta mililita 140 za maji ya rangi ya mafuta ya alizeti. Kwa ile ganzi, sikusikia karibu lolote. Sista alimgeukia mama mkubwa, akamwamkia, akamfundisha kazi mpya kwa adabu ambayo mimi nilikuwa nimeikosa: mkono ulale juu ya mito miwili, upite usawa wa moyo, nikunje na kukunjua ngumi mara kadhaa kwa siku, nisimame mbele ya ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo mpaka ngozi ivute, nisizidishe hapo, na ndoo ya maji abebe mwingine.

Tangu siku hiyo futi alishika yeye. Kila jioni alipima na kunisomea, mimi nikiandika: 31, 30 na nusu, 31 tena siku niliyojitia ushujaa wa kufagia ua, kisha 30. Pete ilitoka wiki ya tatu, kwa povu la sabuni, nikaihamishia mkono wa kulia, nako ndiko iliko hadi leo.