Vespa ya mtoto wa ami

Mtoto wa ami yangu ana vespa ya kijani, kuukuu, ile ambayo asubuhi haiwaki mpaka uilaze ubavu kwanza. Hapa Wete watu wanaijua kwa mlio, na wengi wao wameshaiazima: kumkimbiza mgonjwa, kufata samaki bandarini, kupeleka kadi za harusi. Mwenyewe hana ulimi wa kusema hapana. Tangu skuli yuko hivyo hivyo, na tabia hiyo ilibakia kidogo tu imponze.

Msimu ule karafuu zilizaa. Shirika la serikali likinunua kilo ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000, kwa hivyo gunia la kilo 50 zilizokauka ni laki saba. Laki saba zimetandazwa jamvini, nje, siku tatu au nne mpaka zikauke. Kwa mtu asiyeijua Pemba, fikiria mwenzako kaanika noti uani. Ndiyo maana kila shamba lina mzee wake na tochi yake, analala kwenye kibanda, na akisikia mchakacho anakohoa kwa nguvu ili mwizi ajue kuna mtu.

Usiku mmoja baada ya Isha vijana wawili walikuja barazani kuiomba vespa. Akawapa. Wakashika njia ya Mtambwe, wakafika shambani kwa watu, wakaanza kuzoa. Mzee alikohoa, hawakukimbia. Akatoka na tochi, na mmoja wao akampiga kichwani kwa mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa palepale mlangoni. Mpini wa mzee mwenyewe. Wao walikwenda mikono mitupu.

Mzee alilazwa siku 11. Siku ya tatu ilivuma kwamba amefariki. Haikuwa kweli, lakini baina ya adhuhuri na alasiri tuliishi na habari ile kama kweli. Wakati huo mtoto wa ami yuko ndani, polisi wameshamkamata kwa ajili ya vespa yake, na mie niko kazini.

Mie ni karani kwa wakili mmoja Chake Chake. Napiga chapa hati za kiapo, napeleka majalada mahakamani, napigiwa kelele na watu ambao kesi zao zimeahirishwa. Mwanasheria si mie. Lakini ukipiga chapa maneno ya sheria miaka 12, mengine yanakuganda. Nilifungua kabati nikaitoa Kanuni ya Adhabu ya Bara, Sura ya 16. Zanzibar tuna Sheria yetu ya Adhabu, lakini zote mbili zimetoka kwenye kalibu moja ya Mngereza, na rufaa zetu za jinai zinaishia Mahakama ya Rufani ileile, basi wakili anaweka zote. Ya Bara ndiyo iliyokuwa juu juu.

Kifungu cha 23 nilikuwa nakijua. Watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kutenda jambo lisilo halali, na katika kulitenda likazuka kosa jengine ambalo kwa desturi lingeweza kutarajiwa kuzuka, kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda. Kila mmoja, hata ambaye mpini hakuugusa.

Kilichonitoa jasho ni cha 200. Kinataja mambo yanayohesabiwa kuwa nia ovu katika kuua kwa kukusudia. La mwanzo ni kukusudia kumuua mtu au kumdhuru vibaya, na hilo halihitaji mwalimu. Ukiteremka hadi (c) unakuta: nia ya kutenda kosa lolote ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu. Nikairudia kwa kidole, neno kwa neno. Maana yake si lazima umtakie mtu kifo. Ukienda kutenda kosa zito na roho ya mtu ikapotea humo, ile nia yako ya wizi inavishwa kanzu ya nia ya kuua. Kenya, ambako karafuu zetu za magendo huteremkia, kifungu chao cha 206 kinasema hayo hayo kwa ufupi zaidi: nia ya kutenda kosa kubwa la jinai, basi.

Na Bara adhabu yake ni kunyongwa, jaji hapewi nafasi ya kupima. Ni kweli Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2019 kwamba kumlazimisha jaji namna hiyo ni kuvunja haki ya kuishi, na kitanzi chenyewe hakijatumika Tanzania tangu miaka ya 1990. Ila kamwambie hayo mama mtu aliyekaa kwenye ngazi za kituo cha polisi na mkoba wa chakula mapajani.

Wakili aliporudi kutoka mahakamani nikamuonesha. "Wakili, hii si ndiyo ile ya Marekani, unakwenda kuiba, mtu akafa, unaitwa muuaji?"

Akasoma juu ya miwani. "Babu yao mmoja."

"Lakini hawa walikwenda kuiba. Mpini hawakwenda nao."

"Shamba la karafuu msimu huu lina mlinzi?"

"Lina."

"Na vijana wa Wete wanajua kuwa lina mlinzi?"

"Nani asiyejua?"

"Basi wameshakwenda wakijua watakutana na mtu. Mtu huyo wangemfanya nini, wamsalimie?" Akanirudishia kitabu. "Mwenye vespa ni mwengine. Huyo mwulize alijua nini."

Nilinyamaza. Sababu ya kunyamaza nitaieleza.

Alasiri tukapata habari kuwa mzee yu hai na ameomba uji. Watu walishukuru wakarudi kwenye shughuli zao. Mie usiku ule sikulala, nilishika simu nikawa nasoma ya Marekani. Kule majimbo mengi yana kanuni kwamba mkishirikiana kwenye kosa kama unyang'anyi, kuvunja nyumba, kubaka, kuteka mtu au kuchoma moto, na mtu akafa katika kulitenda, nyote ni wauaji. Huulizwi kama ulitaka afe. Baadhi ya majimbo yamefika mbali zaidi: mwenye duka au polisi akimpiga risasi mwizi mwenzako, kifo hicho kinaandikwa kwako wewe uliyebaki hai. Hapo niliweka simu chini nikaenda kunywa maji mtungini.

Halafu nikakutana na kijana wa Florida. Mwaka 2003 alikuwa na miaka 20. Rafiki yake alimuomba gari alfajiri, akampa ufunguo, akarudi kulala. Wenzake wakaenda kwenye nyumba moja kuiba kasha la pesa, na mmoja wao akampiga msichana wa miaka 18 mpaka akafa. Mwenye gari alikuwa kitandani kwake. Alisema alidhani ni maskhara. Hoja ya mashtaka ilikuwa nyepesi kushika kichwani: bila ya gari, hakuna mauaji. Akafungwa maisha bila ya nafasi ya kutoka, na mwaka 2015 gavana akampunguzia ikawa miaka 25.

Nilikaa na simu mkononi nikiiwaza ile vespa.

Ukiendelea kuchimba unaona Wamarekani wenyewe haiwakai sawa. Florida hiyohiyo, mwaka 1975, mzee wa miaka 86 na mkewe wa miaka 74 waliuliwa shambani kwao kwa ajili ya pesa. Earl Enmund alikuwa kwenye gari kando ya barabara akiwasubiri wenzake. Alihukumiwa kufa. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya nchi ikasema hapana, mtu ambaye hakuua, hakujaribu kuua wala hakukusudia mtu auliwe, huwezi kumuua kwa hilo. Lakini angalia walipoishia: walimuondoshea kifo tu, jina la muuaji likabaki naye. Miaka mitano baadaye wakarudi nyuma kidogo kwenye kesi ya ndugu wa Tison, waliomtorosha baba yao jela Arizona kwa bunduki, baba akaua familia njiani. Hapo wakasema kama ulikuwa na sehemu kubwa kwenye jambo lenyewe na hukujali roho za watu, hata kifo unastahiki. California ndio waliokaa wakaifumua sheria yao, na tangu Januari 2019 kwa kawaida hufungwi kama muuaji mpaka uwe umeua, umesaidia ukitaka mtu afe, au umekuwa mshiriki mkubwa asiyejali.

Mngereza, mwenye kalibu, kanuni yake ya namna hii aliifuta mwaka 1957. Sisi alituachia chapa. Hata ile ya kuwajibisha wenza kwa kuwa tu waliona mbele kwamba jambo linaweza kutokea, mahakama yao ya juu iliikataa mwaka 2016 kwenye kesi ya Jogee, wakakiri kuwa sheria ilikwenda kombo zaidi ya miaka 30. Miaka 30! Mie nikikosea tarehe kwenye hati moja nasemwa wiki nzima.

Nyumbani mjadala ulikuwa wa namna nyengine. Mama yake alikuwa na aya moja tu, kwamba hapana mbebaji atakayebeba mzigo wa mwengine, na akiirudia kwa kila aliyekuja kumpa pole. Maalim wa mtaani alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema kwa upole kuwa Sayyidna Umar aliwaua watu watano au saba kwa ajili ya mtu mmoja aliyeuliwa kwa hila, na akasema lau watu wote wa Sanaa, mji wa Yemen, wangelishirikiana kumuua angeliwaua wote. Mama mtu akaanza kulia. Maalim akaona amezidisha, akaongeza haraka: "Lakini imepokewa vilevile, mmoja akimshika mtu na mwengine akamuua, aliyeua anauliwa, na aliyeshika anafungwa. Hawakuwekwa kapu moja, mama."

"Na aliyetoa chombo?" nikauliza mie.

Maalim akainua kikombe cha kahawa, akakuta kimekwisha, akakiweka chini.

Nilikuwepo barazani usiku ule.

Vijana wale walikuja na magunia mawili matupu, yamekunjwa chini ya kwapa. Yalikuwa hayakai kwenye keria, yakiteleza. Mtoto wa ami akaingia ndani akatoka na mpira, ule wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe mrefu, akauzungusha mara mbili. Upande mmoja aliuvuta yeye. Akaniambia, "Hebu shika hapo." Nikaweka kahawa yangu chini, nikashika ncha, nikaivuta mpaka akafunga fundo. Nikawatania: "Mnahama?" Wakacheka. Mmoja akasema wanakwenda kufata makuti.

Makuti hayatiwi guniani. Mtoto mdogo wa Pemba anajua hilo. Tena baada ya Isha, msimu wa karafuu. Nikarudi kwenye kahawa yangu na mazungumzo ya mpira wa miguu yakaendelea.

Shtaka la mtoto wa ami lilikuwa kusaidia wizi. Wakili akamuombea dhamana, na hati ya kiapo niliipiga chapa mwenyewe, kama ninavyopiga zote. Kwamba mimi ni mtu mzima, Muislamu na mkaazi wa Wete. Kwamba ndiye mmiliki wa chombo kilichotajwa. Aya ya 5 wakili alinisomea kutoka kwenye karatasi yake: Kwamba sikujua, wala sikuwa na sababu ya kujua, safari ya walioniazima. Vidole vikasimama kwenye "sababu ya kujua". Wakili akadhani sikusikia, akarudia pole pole. Nikapiga.

Mwishowe alifutiwa shtaka akawa shahidi. Wale wawili wako Chuo cha Mafunzo, ndivyo tunavyoiita jela huku kwetu, na mpigaji kapata mingi kuliko mwenzake, jambo ambalo naliona sawa. Mzee yupo, anasikia kwa sikio moja. Mtoto wa ami huenda kumtazama kila Idi na kilo mbili za sukari. Mie nimekwenda naye mara moja. Mzee alituuliza nyinyi ni watoto wa nani, tukamwambia, akaomba dua.

Kuhusu ile (c) sijabadilisha rai: mtu aulizwe alijua nini, tena aulizwe yeye peke yake, siyo ahesabiwe kwa idadi ya vichwa. Wakili ananiambia nasema hivyo kwa sababu ya damu. Anakusudia damu ya udugu. Ya mpira sijamwambia.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa barazani tena, akaja kijana wa jirani, anataka vespa akamfatie mamake dawa. Mtoto wa ami akatoa ufunguo mfukoni. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya vespa, akaufungua ule mpira kwenye keria, akauviringa mkononi akautia mfukoni. Ndipo akampa.