Mwezi mpevu na gorogoro ya omena

Naamka saa kumi na moja na nusu. Si nidhamu, jirani yangu hapa Manyatta, mjini Kisumu, ana boda ambayo haiwaki mpaka aipige teke mara sita. Nimeshahesabu. Teke la sita likishaamsha watoto wa ploti nzima, mimi huwa nimebandika uji na daftari liko wazi mezani.

Nina miezi saba katika uandishi wa kujitegemea. Minne ya mwanzo niliamini kwamba kinachonikwamisha ni ukosefu wa mawazo. Nilimwandikia mhariri mmoja: "Ningependa kuandika kuhusu Ziwa Victoria." Akajibu neno moja: "Nini?" Nikamtumia makala nzima. Reli ilifika hapa mwaka wa 1901, mji ukiitwa Port Florence; gugumaji limeziba ufuo; mbuta amewala samaki wa kienyeji. Hakujibu tena. Nilimnunia wiki nzima, ingawa sasa namwelewa. Yote niliyomwambia yalikuwa kweli, na hakuna hata moja asilolijua.

Tangu hapo daftari langu lina pande mbili. Kushoto naandika nilichokiona, kulia naandika swali. Upande wa kulia ukibaki mtupu hadi jioni, sina makala, hata kama kushoto kumejaa hadi pembeni.

Saa mbili niko Kibuye. Soko hili hufurika Jumapili, lakini mimi hupenda Jumanne, wauzaji wakiwa na nafasi ya kupiga gumzo. Nikasimama kwa mama ninayenunua kwake omena, wale samaki wadogo wa ziwani, kila mara. Gorogoro yake ni ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, una kutu shingoni na kitako kimebonyea kwa ndani. Nikakitazama. Akaniona nikikitazama.

"Kilianguka," akasema, akaniongezea kiganja kimoja juu.

Bei ilikuwa imepanda shilingi 50 tangu wiki mbili zilizopita. Nikalalamika, kama inavyotakiwa.

"Nyathina, mwanangu, mwezi umejaa. Unataka wavuvi washike nini?"

Mimi nimelelewa Nakuru. Omena nimeijua ikiwa kwenye sahani. Ikabidi nimwombe anieleze, naye akaeleza huku akipepeta, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Samaki hufuata mwanga, nao wavu ukawasubiri. Lakini mwezi mpevu ukimwagika juu ya ziwa lote, taa ya mvuvi ni kama kibatari juani. Samaki hawana haja ya kuifuata.

"Kwa hiyo mwezi ukijaa, nyinyi mnafanya nini?"

"Tunapandisha bei," akacheka.

Saa nne, kibandani, chai na mandazi mawili. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ukipita utadhani nimekaa bure. Kushoto nimeandika: omena imepanda kwa sababu ya mwezi. Kulia nayaacha maswali yazaane. Mvuvi anakula nini siku hizo za mwangaza? Kuna muuzaji anayeweka akiba akisubiri mwezi ujae? Mama mwenye hoteli anapunguza kipimo au anabadilisha mboga? Halafu lile ninalolichukia, kwa kuwa huweza kuniulia makala: ni kweli, au ni maneno ya sokoni?

Saa sita nikapanda boda hadi Dunga, ufuoni mwa ziwa. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu chini ya mti. Nikamwamkia, nikakaa, nikangoja amalize fundo. Mwezi ni kweli, akasema, hata mashua nyingi hupumzika usiku wa mbalamwezi. "Lakini umesahau mvua, binti." Omena huanikwa juani, ikinyeshewa kabla haijakauka inaharibika, na mzigo uliokuwa wa watu unaishia kuwa chakula cha kuku. Na wiki hii ilikuwa imenyesha.

Nilihisi makala ikinitoka mikononi. Sasa zile shilingi 50 ni za mwezi au ni za mvua? Nilikuwa nimefika njia panda, nikiwa juu ya boda, ndipo nikaona kwamba mzee amenipa makala ya pili: mfugaji wa kuku huchekelea mvua ile ile inayomliza mwanikaji wa omena. Hiyo ina mhariri wake, wa kurasa za kilimo, na msomaji wake ni mwingine kabisa.

Saa tisa nilinunua bando, nikajaribu kuthibitisha niliyosikia. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa; samaki huyu Uganda ni mukene, Tanzania ni dagaa. Nikaliandika hili ukurasa wa nyuma, bila swali. Litasubiri. Nikamkumbusha pia mteja ninayemdai malipo ya makala tano tangu Machi. Ameona ujumbe.

Saa kumi na moja stima zikapotea. Pendekezo nililimalizia kwenye simu, betri ikiwa asilimia 14. Sentensi nne, kwa mhariri yule yule wa "Nini?", ya kwanza ikiwa hii: "Wiki hii mama mmoja wa Kibuye amepandisha bei ya omena na kusema mwezi ndio ulioipandisha, nataka kujua kama ni kweli." Nikabonyeza kabla woga haujanipata.

Saa mbili usiku nachambua omena kwa mwanga wa mshumaa, nyanya na kitunguu viko tayari, maji ya ugali yanachemka. Simu ikalia.

"Hii sawa. Maneno 800. Lakini mwezi ukififia, bei hushuka kweli, au hubaki pale pale?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikafuta mikono, nikavuta daftari, nikaandika upande wa kulia: Kibuye tena, baada ya siku 14, mwezi ukiwa haupo. Gorogoro ile ile, mama yule yule. Angalia kitako.